Jiwe Linalolia: Meno ya Mashine na Mwamba wa Nchi ya Chai

Mwamba uliolala chini ya sehemu kubwa ya mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, nchini Kenya, huitwa fonolaiti, jina lililotungwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja la sauti na jingine la jiwe, kwa sababu kipande chake chembamba kikigongwa kwa nyundo hulia mlio mkali unaokaribia wa kengele. Mlio huo una habari ndani yake, kwa kuwa jiwe hulia hivyo pale tu chembe zake zinapokuwa ndogo na zimeshikamana barabara, pasipo matundu wala nyufa nyingi za kuumeza mtetemo, na mwamba wenye sifa hiyo ndio unaowachosha wachimbaji wa visima, wapasuaji wa mawe machimboni, na wahandisi wanaotaka kupitisha maji au reli ndani ya kilima. Mazungumzo haya yanahusu vifaa vinavyoukata mwamba kama huo, yaani meno, vitufe na magurudumu yanayofungwa kwenye mashine za kuchimba mahandaki, visima na migodi. Yanashikilia jambo moja, kwamba umbo la jino na madini yake huamuliwa na mwamba wenyewe unaokatwa, na kwamba mwamba wa nchi ya chai una tabia ambayo mbunifu akiidharau ataagiza meno magumu kupindukia, kisha ayaokote vipande vipande.

Fonolaiti ya Kericho ni lava, yaani ujiuji wa moto uliomwagika kutoka ardhini, ukaenea na kupoa yapata miaka milioni 12 iliyopita. Haikutoka kwa mkupuo mmoja, bali tabaka juu ya tabaka, na katika vipindi vya utulivu majivu ya volkano yalitua yakagandamana na kuwa mwamba laini uitwao tufu. Fort Ternan, upande wa kaskazini-magharibi wa kaunti ya Kericho, tabaka za namna hiyo zilihifadhi mifupa ya wanyama wa kale, na ni kutoka huko mtafiti Louis Leakey alikoutangazia ulimwengu mwaka 1962 kiumbe alichokiita Kenyapithecus, aliyeishi takribani miaka milioni 14 iliyopita. Mwaka huohuo serikali ilichapisha ripoti ya F. W. Binge kuhusu jiolojia ya eneo la Kericho, na hadi leo ripoti kama hiyo ndiyo hatua ya kwanza kwa mtu anayetaka kujua atakutana na nini chini ya miche ya chai. Reli iliyofika Kisumu Desemba 1901 ilipita humohumo, na karibu na Fort Ternan pangali na mahali panapoitwa Tunnel, jina lililoachwa na enzi ambapo kilima kilipenywa kwa tindo, nyundo na baruti.

Ili kuelewa kwa nini mwamba huu ni wa pekee kwa mbunifu wa vifaa, ni lazima kwanza kutazama madini yaliyomo. Fonolaiti imeundwa zaidi na feldispa, ambayo ndiyo madini ya kawaida kuliko yote katika ganda la dunia, pamoja na nefelini na madini meusi yenye chuma. Kisichokuwamo ni kwatsi, madini meupe au yanayopitisha nuru ambayo ndiyo chembe nyingi za mchanga wa ufuoni, na kukosekana kwake si bahati. Nefelini hutokea pale ujiuji wa volkano unapopungukiwa na silika, na kwatsi hutokea pale silika inapobaki ya ziada, kwa hiyo madini hayo mawili hayakai nyumba moja. Katika kipimo cha ugumu alichokibuni Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho hupanga madini kuanzia 1 hadi 10 kwa kuangalia lipi linalikwaruza lipi, kwatsi ina 7, feldispa 6, na nefelini iko chini kidogo ya feldispa. Ulanga, unaolilainisha jiwe la sabuni ambalo wachongaji wa Tabaka, katika nchi jirani ya Abagusii, hulichonga kwa panga na kisu, una 1. Karbaidi ya tangisteni, ambayo ndiyo ncha ya karibu kila jino la kisasa la kuchimbia, hukaribia 9.

Tofauti ya 6 na 7 huonekana ndogo, lakini katika kazi ya kukata mwamba ni kubwa mno. Jino la mashine hufa kwa njia mbili, kulika au kuvunjika. Kulika ni kusuguliwa polepole na chembe ngumu hadi ncha iwe butu, na chembe inayofanya kazi hiyo kwa bidii kuliko nyingine zote ni kwatsi, kwa sababu ni ngumu na hupatikana kwa wingi katika miamba ya aina ya granaiti. Kuvunjika ni jambo la ghafla, linalotokana na kugonga, kupinda au kuchoka kwa madini ya jino baada ya mapigo maelfu kwa maelfu. Fonolaiti haina kwatsi, lakini ikiwa nzima huhitaji mgandamizo unaoweza kuvuka megapaskali 150 kabla haijapasuka. Megapaskali moja ni sawa na uzito wa takribani kilo 10 juu ya kila sentimita moja ya mraba, kwa hiyo megapaskali 150 ni kama kusimamisha tani moja na nusu juu ya eneo la ukucha wa kidole, ilhali zege la nguzo za nyumba ya kawaida hupasuka kwa kiasi cha megapaskali 25. Mwamba wa Kericho, basi, hauli meno kwa kasi ya granaiti, lakini huyapiga kwa nguvu ileile au zaidi. Katika mwamba huu hatari kuu ya jino ni kuvunjika.

Hapo ndipo uchaguzi wa madini ya jino unapoingia. Karbaidi ya tangisteni haiyeyushwi ikamiminwa kama chuma cha pua. Husagwa kuwa unga, ikachanganywa na unga wa metali iitwayo kobalti, ikashindiliwa katika umbo linalotakiwa, kisha ikachomwa tanuruni katika joto la nyuzi 1,400 hivi za Selsiasi hadi kobalti iyeyuke na kuzishika chembe za karbaidi kama saruji inavyoshika kokoto. Karl Schröter aliipatia njia hiyo hataza nchini Ujerumani mwaka 1923, na kampuni ya Krupp ikaiuza kwa jina la Widia, kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi". Tangu wakati huo mbunifu ana vitu viwili vikuu vya kupima, kiasi cha kobalti na ukubwa wa chembe za karbaidi. Kobalti kidogo, kama asilimia 6, na chembe ndogo hutoa jino gumu sana lisilolika upesi lakini linalopasuka kama kigae. Kobalti ikiongezwa kuelekea asilimia 10 na zaidi, na chembe zikiwa kubwa, jino hupungua ugumu likapata ushupavu, yaani uwezo wa kupokea pigo bila kukatika. Mnunuzi anayesikia kwamba mwamba wa Kericho ni "mgumu" akakimbilia jino gumu kuliko yote dukani amekosea tangu mwanzo, kwa sababu ugumu wa jino ni kinga dhidi ya kwatsi isiyokuwapo, na amelipia ugumu huo kwa kuutoa ushupavu aliouhitaji.

Inafaa kutua hapa kidogo, kwa kuwa jambo hili linauma. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika miji kama Kolwezi na Likasi ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya mgodi, na madini ya tangisteni huchimbwa Rwanda, katika migodi kama Nyakabingo, na yamechimbwa pia kusini-magharibi mwa Uganda. Malighafi zote mbili za jino la kuchimbia ziko Afrika Mashariki na Kati, na wengi wa wanaozitoa ardhini huko Kongo huzitaja kwa Kiswahili, lakini jino lenyewe hurudi Kericho ndani ya sanduku kutoka ng'ambo, likiwa limebuniwa kwa miamba ya watu wengine. Uwezo wa kusema jino la hapa liwe na sifa gani ungekuwa hatua ya kwanza ya kulibadilisha hilo, na uwezo huo hauhitaji tanuru. Huhitaji maarifa ya mwamba.

Mahali pa karibu pa kuona haya yakitendeka ni kwenye kisima. Mashine za kuchimba visima virefu katika miamba hii hutumia nyundo ya hewa inayoshuka pamoja na biti hadi chini kabisa ya shimo, ambapo hewa iliyoshindiliwa kwa kompresa huusukuma mchi wa chuma upige mgongo wa biti zaidi ya mara 1,000 kwa dakika, huku biti ikizungushwa taratibu ili kila pigo liangukie mahali papya, na hewa hiyohiyo ikitoka kwa kasi kuyapandisha makombo ya mwamba juu. Uso wa biti umepandikizwa vitufe vya karbaidi, vingine vya mviringo kama nusu ya gololi na vingine vilivyochongoka kama ncha ya risasi. Vilivyochongoka huzama haraka katika mwamba laini, lakini katika fonolaiti nzima ncha yao hukatika, na vya mviringo, ingawa huenda polepole, hugawa pigo juu ya eneo kubwa zaidi vikadumu. Vitufe vya ukingoni ndivyo vinavyoteseka kuliko vya katikati, kwa sababu husafiri mwendo mrefu zaidi katika kila mzunguko na ndivyo vinavyolinda upana wa shimo. Vikilika, shimo huwa jembamba, na biti mpya haipiti pale ya zamani ilipopita.

Katika granaiti, kitufe kinacholika hupata uso bapa unaong'aa, na fundi hujua kwamba uso huo ukifikia thuluthi moja ya kipenyo cha kitufe wakati wa kukinoa umewadia. Katika mwamba usio na kwatsi alama hiyo huweza kukawia sana. Kitufe hubaki cha mviringo, laini, kizuri kwa macho, na fundi asiye na uzoefu hukirudisha shimoni akiamini bado ni kipya. Kikitazamwa kwa lenzi juani huonekana kimejaa mistari myembamba iliyokatana, inayofanana na magamba, ambayo wachimbaji huiita ngozi ya nyoka. Ni nyufa za uchovu, zilizotokana na mapigo mengi juu ya uso uleule, kwa maana mwamba haukuwa mkali wa kutosha kuuondoa uso huo na kufunua mpya. Zisiponolewa zikaondolewa mapema, nyufa hizo hushuka ndani na kitufe hupasuka ghafla, na vipande vyake, vikiwa vigumu kuliko mwamba wowote wa hapa, huanguka chini ya shimo na kuvivunja vitufe vilivyosalia. Biti inayoonekana nzima hunolewa kwa sababu ya kile kisichoonekana, na kanuni hiyo, ambayo katika nchi ya granaiti mtu anaweza kuizembea kwa muda, katika Kericho haina msamaha.

Mashine kubwa ya kuchimba handaki hufanya kazi kwa njia tofauti. Mbele yake kuna kichwa cha duara chenye upana wa handaki zima, nacho kimefungwa magurudumu ya chuma cha pua yasiyopungua darzeni kadhaa, kila moja likizunguka kwenye beringi zake. Umaarufu wa magurudumu hayo ulitokana na kazi ya James Robbins wa Marekani katika miaka ya 1950, hasa handaki la majitaka la Toronto la mwaka 1956, ambapo ilidhihirika kwamba magurudumu peke yake yaliweza kuvunja mwamba bila msaada wa meno ya kukwangua. Gurudumu la inchi 17, yaani milimita 432, hukandamizwa kwenye mwamba kwa nguvu ya takribani tani 25, sawa na uzito wa lori kubwa lililosheheni, na uzito huo wote hupita katika ukingo wenye upana wa sentimita mbili au chini yake. Mwamba ulio chini ya ukingo husagika kuwa unga, na unga huo, ukiwa hauna pa kwenda, huusukuma mwamba wa pembeni hadi upasuke. Nyufa za gurudumu moja zinapokutana na za gurudumu la jirani, kipande bapa hubanduka kizima kutoka baina ya mifereji miwili.

Siri ya ubunifu imo katika umbali baina ya mifereji hiyo. Mwamba huvumilia sana kugandamizwa lakini hauvumilii kuvutwa. Nguvu ya kuuvuta ukakatika mara nyingi ni kama sehemu moja ya kumi ya ile ya kuugandamiza. Magurudumu yakipangwa karibu mno, mashine husaga unga na kuteketeza umeme bure. Yakipangwa mbali mno, nyufa hazikutani na hubaki matuta ya mwamba baina ya mifereji. Mpangilio wa sentimita saba hadi kumi ndio unaotumika sana, na kwa mwamba mzima unaozamika kidogo tu kwa kila mzunguko, mbunifu huyasogeza karibu. Anayetaka kujua kama amepatia atazame kifusi, kwa sababu vipande bapa virefu kama kiganja huonyesha nishati imetumika kupasua, na unga mwingi huonyesha imetumika kusaga. Unga pia ni vumbi, na vumbi huingia vifuani mwa wafanyakazi. Kwa hiyo jino butu ni hasara ya umeme na dhara kwa pafu kwa wakati mmoja, na jambo hili halipewi uzito unaostahili.

Yote hayo huhusu mwamba mzima, lakini nchi ya chai imefunikwa na kitu kingine kabisa. Mvua nyingi ya nyanda hizi imeuozesha uso wa fonolaiti kwa muda mrefu ukawa udongo mwekundu wenye kina kikubwa, ule unaoupendeza mchai kwa kushika maji bila kutuama, na ndani ya udongo huo hubaki mabonge ya mwamba mzima yaliyoviringika, ambayo hayakuoza. Handaki linaloingia kilimani hapa hupita kwanza katika udongo huo, kisha katika mchanganyiko, ndipo lifike kwenye mwamba, ambao nao umekatwa na nyufa zilizoachwa na lava ilipopoa na kusinyaa. Katika mchanganyiko gurudumu hupita kwenye udongo laini sehemu moja ya mzunguko, halafu hugonga bonge la megapaskali 150 sehemu inayofuata. Udongo wenye kunata hulizuia lisizunguke, nalo likiwa limesimama huburutwa hadi likalika upande mmoja tu. Mwamba uliokatika kwa nyufa, kwa upande wake, huangusha mabonge mbele ya kichwa cha mashine yakaupiga ukingo wa chuma. Kubadilisha gurudumu moja lenye uzito unaozidi kilo 100, ndani ya nafasi finyu iliyo nyuma ya kichwa cha mashine, ni kazi ya saa nyingi na ya hatari. Tufu nayo hutaka kifaa cha aina nyingine, jino la mfano wa penseli lenye ncha ya karbaidi, ambalo hukwangua badala ya kukandamiza na ambalo lazima lizunguke ndani ya tundu lake ili lilike pande zote sawa. Jino hilo hufaulu katika mwamba laini, lakini likipelekwa kwenye fonolaiti nzima huvunjika shingo.

Maswali haya si ya vitabuni tu katika eneo hili. Maji ya mito inayotoka msitu wa Mau na kupita Kericho na Bomet, Kipsonoi ukiwa mmojawapo, hukusanyika katika mto Sondu, na huko chini huingia katika handaki la kilomita 6.2 la mradi wa Sondu-Miriu, unaozalisha megawati 60. Juu zaidi, Kuresoi, mradi wa bwawa la Itare ulihitaji handaki la kilomita 14.5 la kuyapeleka maji upande wa Nakuru, na ujenzi ulisimama mwaka 2018, huku wakazi wa Kericho na Bomet wakiwa wamekwisha kuhoji mito yao itabakiwa na nini. Hoja ya maji ni nzito na haimalizwi na uhandisi. Lakini ikitokea siku mradi wa namna hiyo ukakubaliwa na wote, mwamba uliopo njiani utapaswa kujulikana kabla mashine haijaagizwa. Kipimo kinachotumika kujua mwamba utalila jino kiasi gani, kilichobuniwa na kituo cha utafiti wa makaa ya mawe cha Ufaransa, ni chepesi ajabu, kwani sindano ya chuma kigumu yenye ncha ya nyuzi 90 huburutwa milimita 10 juu ya jiwe ikiwa imebebeshwa kilo 7, kisha ncha yake hutazamwa kwa hadubini, na kila sehemu ya kumi ya milimita iliyolika huhesabiwa alama moja. Chuo chochote chenye karakana kinaweza kuwa na kifaa hicho.

Wala ujuzi wa kusoma meno si mgeni hapa. Kila kiwanda cha chai kinachotumia mashine ya CTC, iliyobuniwa Assam na William McKercher mwaka 1930, kina rola mbili za chuma zenye meno, moja ikizunguka kwa kasi na nyingine polepole, takribani kumi kwa moja, ili jani linalopita katikati likatwe, lichanwe na kuviringishwa. Meno hayo yakiwa butu jani huvia na kupata joto badala ya kukatwa, na rangi ya kikombe hufifia. Mafundi wa karakana za viwanda hivyo hupitisha vidole juu ya rola, hujua kwa kugusa ni lini ya kufunguliwa, huipeleka kwenye mashine ya kukereza na kuyachonga meno upya kwa pembe iliyokusudiwa. Fundi wa namna hiyo akipewa biti yenye ngozi ya nyoka hatahitaji kufundishwa kwamba chombo hunolewa kabla hakijalalamika.

Kinachopotea kila msimu ni kumbukumbu. Kisima kinapochimbwa pembezoni mwa shamba, wachimbaji humwaga makombo chini kwa mafungu, fungu moja kwa kila mita au mbili, na safu hiyo husomeka kama ukurasa, mwanzo mwekundu wa udongo, kisha hudhurungi yenye madoa ya mwamba uliooza nusu, halafu, kwa ghafla inayoonekana hata kwa mbali, kijivu kizito cha fonolaiti nzima. Fungu la kwanza la kijivu huonyesha kina ambacho jino hukutana na jiwe linalolia, ukubwa wa makombo yake huonyesha kama biti ilikuwa ikipasua au ikisaga, na kiganja kimoja cha makombo hayo, kikitiwa katika mfuko wenye namba ya mita na jina la mahali, ndicho kitu ambacho mbunifu wa handaki lijalo angelipia fedha nyingi kukipata. Kazi ikiisha mashine huondoka, na mafungu husukumwa kwa koleo kati ya safu za chai.